Mtaro wa Mvua Hufikia Mtoni



Jiji la Johannesburg lina njia mbili za kuondoa maji. Ya kwanza ni mabomba ya maji taka, yapokeayo maji ya choo, jiko na bafu na kuyafikisha kwenye mitambo ya kuyasafisha. Ya pili ni mitaro ya maji ya mvua, ambayo matundu yake huonekana ukingoni mwa barabara. Maji ya mitaro hayapiti kwenye mtambo wowote. Kila kiingiacho humo hufika mtoni kama kilivyo.

Wengi huzichanganya njia hizi. Mwenye kufua humwaga ndoo ya povu barabarani. Fundi wa magari humwaga oili chafu kando ya karakana. Mchuuzi hufagia maganda na mifuko hadi kwenye tundu. Uchafu hulala humo, kisha mvua za alasiri za miezi ya joto, Oktoba hadi Machi, huusomba wote kwa mara moja.

Maji hufuata mkondo. Yale ya Bertrams na Bezuidenhout Valley huingia Mto Jukskei, ambao chimbuko lake limo chini ya jiji lenyewe, karibu na Ellis Park. Mto huu hupita Alexandra, ambako vibanda vimesongamana hadi ukingoni na watoto huyachezea maji yake. Kutoka hapo huungana na Mto Crocodile na kuingia bwawa la Hartbeespoort, lililowahi kusongwa na magugu-maji yaleyale yajulikanayo na wakazi wa Ziwa Viktoria. Mwisho wa safari, kupitia Limpopo, ni Bahari ya Hindi.

Madhara yake yamekwisha kuonekana. Mwaka 2001 kipindupindu kiligunduliwa katika maji ya Jukskei, na maelfu ya wakazi wa kingo za mto huko Alexandra wakahamishwa, baadhi yao hadi Diepsloot.

Kwa hiyo kila kaya inaombwa kuzingatia haya:

Maji ya kufulia na ya kudekia yamwagwe chooni au kwenye sinki, kamwe yasimwagwe barabarani.

Mafuta ya kupikia yakishapoa yatiwe katika chupa, yafungwe, yatupwe pamoja na taka. Oili ya gari ipelekwe mahali inapopokelewa.

Nepi na pedi zifungwe na kutiwa pipani. Zikitupwa chooni huziba bomba, na kinyesi hufurika hadi kwenye mtaro.

Taka zilizoziba tundu mbele ya nyumba ziondolewe kabla ya mvua, kwa mikono iliyovikwa glavu.

Maji taka yakifurika barabarani, Johannesburg Water ipewe taarifa mara moja. Watoto wazuiwe kuyakanyaga, na aliyeyagusa anawe kwa sabuni.

Aishiye mtaa wa juu hamjui mama wa Alexandra aishiye bondeni. Hata hivyo ni jirani yake, na maji ndiyo yanayowaunganisha. Haki ya jirani ni kutofikishiwa madhara.