Kesi ya Pweto isikilizwe Pweto

Mtu wa Pweto, kando ya Ziwa Mweru, akiwa na rufaa kwenye mahakama ya hapa Lubumbashi, anasafiri mamia ya kilomita. Mvua zikishaanza, lori linaweza kukwama matopeni siku kadhaa. Wengi hawana pesa ya avoka, yaani wakili. Katiba yetu ya Kongo ya 2006, ibara ya 19, inampa kila mshitakiwa haki ya kujitetea mwenyewe. Lakini atajitetea vipi, ikiwa kesi yake inaitwa naye bado yuko barabarani?

Kenya, korona ilipofunga milango ya mahakama mwaka 2020, majaji waliendelea kusikiliza kesi kwa video. Sisi tunazo mahakama za kutembea, mahakimu wanapowafuata watu vijijini. Ni kazi ya kusifiwa, ila inangoja pesa ya mafuta, na wakishaondoka, watu wanabaki na hukumu bila wa kuwaeleza.

Video inaweza kusaidia, lakini skrini peke yake haitoshi. Pembeni yake aketi karani anayemwambia mama mwenye kesi kwa Kiswahili: karatasi hii ni wito, muda wa kukata rufaa unaisha tarehe hii, hati ya shamba ishike hivi, hakimu aione yote. Na mtandao ukikatika shahidi akiwa anasema, kesi isimame. Hakimu asiamue kwa maneno aliyoyasikia nusu.

Wakubwa wa sheria wa Haut-Katanga, wekeni chumba kimoja, sola na karani mmoja. Anzeni na Pweto.