MDUDU MWENYE MZINGA: TUMJUE, TUSIMPONDE

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo, Nyasubi, Kahama)



Leo tutazungumza juu ya mbawakawa. Hatusemi juu ya wale wanaotoboa mahindi ghalani. Tunasema juu ya wale wanaokimbia ardhini usiku. Wengi ni weusi. Mchana hujificha chini ya mawe, magogo na mabua.

Ukimshika mdudu huyu hutoa maji makali yenye harufu mbaya. Yakiingia jichoni yanauma sana. Ndiyo maana wengine husema, "Mdudu huyu ni adui, mponde!" Je, ni kweli? Hebu tuangalie.

Silaha yake ni nini?

Mbawakawa huyu anatafutwa na vyura, mijusi na ndege. Hana mwiba wa kuchomea. Silaha yake ni maji makali yanayokaa katika vifuko viwili mwishoni mwa tumbo.

Yuko mmoja mkubwa mweusi, mwenye madoa meupe au ya njano. Wataalamu humwita Anthia. Huyu hurusha asidi. Ni asidi ile ile waliyo nayo maji moto, yaani wale chungu wekundu wa miembeni wanaoshona majani kuwa viota.

Yuko na mwingine, mdogo kuliko huyo. Sisi tumwite mpiga mzinga. Wachimbaji wa Geita wanajua kwamba baruti na kiwashio chake haviwekwi pamoja mpaka wakati wa kulipua. Mdudu huyu naye hufanya hivyo. Kila kifuko chake kina vyumba viwili. Chumba cha kwanza kina maji ya dawa. Chumba cha pili kina kiwashio. Akiguswa, husukuma maji chumba cha pili. Hapo yanachemka ghafla na kutoka kwa mlio, "pwa!"

Mwaka 1969 wataalamu walipima joto la maji hayo. Walikuta ni nyuzi 100, sawa na maji yanayochemka chunguni. Mwaka 1999 Thomas Eisner na mwenzake, wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha picha za mpiga mzinga wa Kiafrika. Ukimbana mguu wa mbele, huelekeza mzinga mbele. Ukimbana wa nyuma, huelekeza nyuma. Hakosei.

Je, chura akimmeza? Huko Japani, mwaka 2018, watafiti walijaribu. Mlio ulisikika ndani ya tumbo la chura! Katika kila vyura 10, zaidi ya 4 walimtapika. Wako waliomtapika baada ya saa moja na nusu. Mdudu alitoka akiwa hai.

Kwa hiyo tumeona: maji yale ni ngao. Mdudu huyu hamfuati mtu. Anajitetea tu.

Faida yake kwetu

Wengi wa mbawakawa hawa hula viwavi na wadudu wengine wanaoharibu mimea. Wanafanya kazi shambani usiku, nasi tumelala. Hawadai posho. Tukipiga dawa ovyo katika pamba na mahindi, tunawaua walinzi wetu pamoja na wezi. Basi tukague shamba kwanza. Tukiona wadudu waharibifu ni wengi, tumuulize Bwana Shamba kabla ya kupiga dawa.

Maji yake yakiingia jichoni

1. Usisugue jicho.
2. Osha jicho mara moja kwa maji safi mengi. Endelea kwa robo saa au zaidi.
3. Usitie majani, mkojo, wala dawa ya kubahatisha. Vitu hivyo vyaweza kuleta upofu.
4. Nenda zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Yakigusa ngozi, osha kwa maji na sabuni. Doa la kahawia laweza kubaki kwa muda. Tuwafundishe watoto wasimshike mdudu huyu, wala wasimsogeze karibu na uso.

Ndugu zetu, jicho likiharibika halinunuliwi dukani. Na mlinzi wa shamba akiuawa, viwavi ndio wanaofurahi. Tumwache mdudu huyu apite, aende kazini kwake.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini mpiga mzinga ana vyumba viwili?
2. Jirani akirushiwa maji hayo jichoni, utamsaidiaje?
3. Katika shamba lako, ni wadudu gani wanaokusaidia?