MSONGO WA MAWAZO NA KAZI ZA CHAMA

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na watunza hazina wa vyama vya msingi, Chimwaga, Dodoma)



Mmezoea kuniona nikija kukagua daftari. Leo nataka tumtazame anayeliandika, kwa maana fedha za wanachama hupita mikononi mwake.

Msongo wa mawazo ni mzigo unaomlemea mtu anapoona yanayomkabili yamepita uwezo wake. Mbele ya hatari mwili hujiandaa: moyo huenda mbio, pumzi hukazana, misuli hukakamaa. Maandalizi hayo humfaa mtu anayemkimbia nyoka, lakini deni halikimbiwi kwa miguu. Hofu ikidumu, usingizi hupotea, kichwa huuma, tumbo husokota, na mtu huwa mkali kwa watoto wake. Kazini husahau stakabadhi, au hujumlisha safu moja mara tatu akapata majibu matatu.

Sababu zake twazijua. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili. Ikikatika katikati, mtama na alizeti hunyauka tukiona. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, lakini hazimngoji mnunuzi kama mtama ungojavyo ghalani. Malipo yakichelewa, mkulima humwendea mtunza hazina kila asubuhi, naye hana jibu. Hapo wote wawili hukosa usingizi, na kinachowasumbua zaidi ni kutojua. Wazee wetu waliokuwapo mwaka 1976, vyama vikuu vilipovunjwa, hadi sheria ya 1982 iliyovirudisha, wanaelewa maana ya kungoja bila kujua.

Tufanye nini basi?

Kwanza, ukweli usemwe mapema. Bandikeni ubaoni mazao yaliyopokelewa, fedha zilizoingia, na zinazongojwa. Habari mbaya iliyo wazi huhimilika kuliko fununu.

Pili, kazi igawanywe: mmoja apime, mwingine aandike, wa tatu alipe. Jambo hili hupunguza mzigo, tena huzuia wizi.

Tatu, pombe haifuti deni. Humkopesha mtu usingizi, ikadai riba asubuhi.

Nne, mwenye mashaka apumzike, autumikishe mwili wake, na azungumze na mtu anayemwamini.

Tano, hali ikizidi wiki mbili, aende zahanati. Akianza kusema heri afe, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hapa Dodoma tunayo Hospitali ya Mirembe, inayotibu maradhi ya akili. Wako wanaolitaja jina hilo kwa mzaha, na mzaha huo humfanya mgonjwa aone haya kutibiwa.

Ndugu zangu, asiyelala kwa ajili ya hesabu asiitwe mwizi kabla daftari halijasema. Wala msongo usiwe kisingizio cha kuficha upungufu. Mkiona hesabu haikubali, iteni kamati mapema, msingoje siku ya ukaguzi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.