Mwalimu wa Kijijini na Jembe la Mkewe



Tumepewa nafasi ya kusema machache juu ya mwalimu wa kijijini, yule wa zamani wa shule za Misheni. Kwa kuwa habari za waalimu wote wa nchi ni pana mno, tutashika upande mmoja tu tuujuao, yaani miteremko ya Kilimanjaro. Wengi wetu tulioketi hapa na kalamu mfukoni tu wajukuu wa watu hao, nasi twapenda kuwasifu karamuni. Walakini sifa zetu zina upungufu, nao ndio tutakaousema.

Wamisionari wa Leipzig walifika mlimani mwaka 1893, wakaanza kazi Machame. Wakasomesha vijana, na vijana wakawa waalimu. Lakini mwalimu alijulikana alivyo hasa mwaka 1920, Serikali ya Kiingereza ilipowatoa Wamisionari wa Kijerumani baada ya Vita Kuu. Wakati ule hapakuwa bado na mchungaji Mchagga aliyebarikiwa. Waalimu wakashika shule na sharika pia: wakafundisha watoto, wakatayarisha watu kwa ubatizo, wakawazika wafu, wakasoma Neno siku ya Jumapili. Wamarekani wa Augustana walipokuja kusaidia katika miaka ile ya ishirini, walikuta kazi inakwenda.

Na ujira? Sisi tuliozoea kutia sahihi mwisho wa mwezi twapaswa kuuliza. Serikali iliita mkutano wa elimu Dar es Salaam mwaka 1925, na sheria ya elimu ya mwaka 1927 ikafungua njia ya kuzisaidia shule za Misheni kwa fedha. Walakini msaada ulifuata shule iliyoandikishwa na mwalimu mwenye cheti. Yule wa shule ndogo, aliyefundisha kusoma, kuandika, hesabu kidogo na katekisimo, alibaki mikononi mwa Misheni na usharika wake, akapata shilingi chache, nazo zikatoka humo humo sadaka, karo na kanzu ya Jumapili.

Basi nyumba ile ilikula nini? Hapa ndipo sifa zetu hukatika. Twasema, "Babu alijitoa kwa jamaa yake na kwa Kanisa," kisha twaketi. Ilikula ndizi za kihamba, na ndizi zilipandwa zikapaliliwa na mkewe. Ilikunywa maziwa ya ng'ombe aliyefungwa ndani, na ng'ombe huyo hakwenda malishoni. Majani yalikatwa chini tambarare, yakapandishwa mlimani kichwani mwa mwanamke, mwendo wa saa nyingi. Chumvi na mafuta ya taa vilitoka katika ndizi alizouza sokoni. Kahawa ilileta fedha, na chama cha ushirika cha K.N.C.U. kilipoanzishwa mwaka 1933 bei ilipata msimamizi. Lakini kahawa ilihesabiwa kuwa mali ya mwanamume, na jina lililoandikwa katika kitabu cha chama lilikuwa la mume.

Tena liko jambo ambalo hatujalisikia likisemwa mkutanoni. Kanisa lilimtaka mwalimu awe na mke mmoja, naye alitii, na sisi tuliozaliwa katika nyumba hizo twashukuru. Ila kazi ambayo kwa jirani iligawanywa kwa wake wawili au watatu, kwa mwalimu ilimwangukia mmoja. Na nyumba yake haikukosa wageni: mzee wa Kanisa apitaye njia, wachumba waliogombana, mtoto wa mbali aliyelala hapo ili asome. Wote walikula.

Hatusemi hivi ili kumpunguza mwalimu. Baada ya shule alishika panga, akakata migomba, akasafisha mfereji pamoja na majirani, na jioni akawasomesha watoto wake mwenyewe, akiwa na sauti iliyochoka. Twasema tu kwamba utumishi ule ulikuwa wa watu wawili, na mmoja hakuandikwa.

Stefano Moshi, aliyezaliwa mwaka 1906, alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mchungaji, naye akawa mkuu wa kwanza wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa mwaka 1963. Habari zake zimeandikwa. Waliobaki na chaki hata uzee ni wengi kuliko waliopanda, na habari za wake zao twazipata vinywani mwa bibi zetu, ambao hawatakaa nasi siku zote.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaleta ombi. Makarani ndio washikao funguo za stoo. Humo mna daftari za mahudhurio, barua za wakaguzi, hesabu za karo. Na stoo ikijaa huwa zinatolewa zikachomwa pamoja na takataka. Tusitie moto kabla ya kusoma. Daftari za ubatizo zitafaa zaidi, maana humo jina la mama limeandikwa kando ya jina la baba, na mwalimu aliyebatiza watoto sita ametuachia jina la mkewe mara sita.

Mwanachama mwenye daftari kama hizo katika ofisi yake, au nyumbani kwa wazee wake, ampelekee Katibu karatasi moja: jina la shule, miaka iliyoandikwa juu ya jalada, na hali ya kurasa. Daftari zilizoliwa na mchwa ziandikwe pia, kwani mara nyingi kurasa za katikati husomeka.