Jina la Binti Yetu

Somo: Luka 1:57-66

Leo tunazungumza nanyi sisi wawili, mume na mke. Mmoja wetu ni Myoruba wa Abeokuta, mji ulio kusini-magharibi mwa Nigeria. Mwingine ni Mkikuyu, mzaliwa wa Nyeri, hapa kwetu Kenya. Bwana alitujalia binti, na twataka kuwasimulia jinsi tulivyompa jina, maana katika jambo hilo Mungu alitufundisha somo ambalo hatukulitazamia.

Labda mtu atasema, "Jina tu! Jina nalo lina shida gani?" Sisi pia tulisema hivyo, mpaka siku ilipofika.

Miezi michache kabla ya mtoto kuzaliwa, mama mzazi wa mume alifariki huko Abeokuta. Sisi tulikuwa Nairobi. Mume alisafiri upesi, lakini alifika kaburi limekwisha kufunikwa. Hakumwona mama yake, wala hakutupa hata konzi moja ya udongo. Ninyi mliofiwa mkiwa mbali na nyumbani mnaujua uchungu huo. Hausemeki, tena hauishi upesi.

Baadaye tulikwenda Abeokuta sote wawili, na huko ndiko binti yetu alikozaliwa. Jamaa walipokuja kumtazama walisema kwa sauti moja, "Yetunde!" Maana yake, mama amerudi. Kwa Wayoruba, bibi akifariki kisha mtoto wa kike akazaliwa katika nyumba ile, jina hilo huwa linamngoja. Kwa mtoto wa kiume ambaye babu yake amefariki husemwa Babatunde, baba amerudi.

Tukapiga simu Nyeri. Huko nako jibu lilikuwa tayari. Kwa desturi ya Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Bibi wa Nyeri akasema, "Mpeni jina la marehemu, asipotee. Mimi zamu yangu ni binti wa pili, nitangoja." Tukacheka, lakini neno lenyewe halikuwa la kucheka. Kwa Wakikuyu ni heshima mtoto kuitwa jina lenyewe la bibi yake. Kwa Wayoruba mdogo hamtaji mkubwa wake kwa jina. Mume aliuliza, "Mtoto akikosea, nitamkemeaje kwa jina la mama yangu?" Basi, heshima ya upande mmoja ilikuwa ukosefu wa adabu upande wa pili.

Mume akashikilia Yetunde. Mke akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu usiku, mtoto akiwa amelala katikati yetu, mke alisema, "Naogopa. Ukimwita mtoto huyu, wamwita yeye, au wamwita mama yako?" Mume hakujibu. Alitoka nje, akakaa barazani mpaka jogoo alipowika.

Ndugu zangu, hatuwahukumu waitwao Yetunde. Wako wengi, na wengi wao ni Wakristo wa kweli. Shangazi wa mume, mama wa kanisa, alitueleza kwamba yeye akilitaja jina hilo hasemi kwamba roho ya marehemu imerudi. Anamkumbuka tu na kumshukuru Mungu kwamba nyumba haikubaki tupu. Lakini sisi tulijijua mioyo yetu. Mume alitaka mama yake arudi. Alitaka mtoto wa siku tatu amlipe deni la mazishi aliyoyakosa. Huo ni mzigo mkubwa mno kwa mgongo mdogo hivyo.

Asubuhi ile shangazi alitukumbusha habari inayojulikana sana Abeokuta. Karibu mwaka 1809 alizaliwa mtoto katika mji wa Osogun, akaitwa Ajayi. Jina hilo Wayoruba humpa mtoto aliyezaliwa uso ukielekea chini. Mwaka 1821 wakamataji wa watumwa waliuvamia mji wake, akatengwa na mama yake, akauzwa. Mwaka 1822 meli ya Waingereza ya kuzuia biashara hiyo ilimkomboa baharini, akapelekwa Sierra Leone. Huko alimwamini Yesu, na mwaka 1825 akabatizwa kwa jina la Samuel Crowther, jina la kasisi mmoja wa London. Mwaka 1846 alifika Abeokuta akiwa mchungaji, na katika mji huo akamkuta mama yake! Walikuwa hawajaonana kwa miaka ishirini na mitano hivi. Mwaka 1848 mama huyo alibatizwa, akaitwa Hana, kwa maana alikuwa mama wa Samweli. Mwanawe alilitafsiri Neno la Mungu katika Kiyoruba pamoja na wenzake, na mwaka 1864 akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Anglikana. Hata hivyo hakuliacha jina la utotoni. Mpaka leo watu humwita Ajayi Crowther.

Kisha shangazi akamtazama mume, akasema, "Mwanangu, Ajayi alirudishiwa mama yake, lakini si yeye aliyemrudisha, wala mama hakujirudisha. Ni Bwana. Nawe utamwona mama yako, Bwana atakapowafufua walio wake. Usimtume mtoto huyu kazi ya Bwana."

Hapo mume alilia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mke naye akalia. Mtoto akaamka, akalia kutushinda sote. Shangazi akamchukua, akambembeleza, akanyamaza. Ndipo shangazi akatamka jina: Oluremilekun.

Sikilizeni maana yake. Olu ni Bwana. Sehemu iliyobaki yasema, amenibembeleza nikaacha kulia, kama mama anavyombembeleza mtoto. Tukaona tofauti. Katika Yetunde atendaye ni mama: mama amerudi. Katika Oluremilekun atendaye ni Bwana. Machozi ni yetu, na mwenye kuyafuta ni Mungu. Mtoto hatumwi kufuta machozi ya mtu; yeye ni ushuhuda kwamba yamefutwa.

Siku ya nane tulikusanyika. Zamani Wayoruba walimpa mtoto wa kiume jina siku ya tisa, wa kike siku ya saba, na mapacha siku ya nane. Siku hizi wengi hutumia siku ya nane kwa wote, kama ilivyokuwa kwa Elisabeti na Zakaria. Mchungaji aliomba, kisha mtoto akaonjeshwa maji, kwa kuwa hakuna aishiye bila maji. Na asali, ili maisha yake yawe matamu. Na chumvi, ili awe na ladha nzuri kati ya watu. Jamaa nao walitoa majina yao, kila mmoja akitia fedha katika bakuli, maana huko mtoto hana jina moja. Shangazi alimpa jina la kumsifu na kumbembeleza, Abeni, yaani tulimwomba ndipo tukampata. Na kwa ajili ya Nyeri, jina la ubatizo la marehemu likawekwa la tatu. Liko katika cheti cha kuzaliwa, wala hakuna amkemeaye kwalo. Bibi wa Nyeri alijifunza kutamka Oluremilekun kwa simu, kipande kwa kipande. Siku hizi amwita Remi, na huwaeleza majirani zake maana yake kuliko tuwezavyo sisi.

Wapendwa, Maandiko yanatuambia kwamba Raheli, alipokuwa akifa, alimwita mwanawe Benoni, mwana wa uchungu wake. Lakini baba yake akamwita Benyamini (Mwanzo 35:18). Yakobo alimpenda Raheli kuliko wote, lakini hakukubali mtoto abebe kifo cha mama yake kila aitwapo. Timotheo naye, mama yake alikuwa Myahudi na baba yake Myunani (Matendo 16:1). Hakuwa nusu ya huku na nusu ya huko. Alikuwa mtu mzima wa Mungu, na imani aliipokea kwa bibi yake na mama yake.

Pengine wewe unayesikiliza umempa mtoto wako jina la uchungu: Shida, au Taabu, au Mashaka. Pengine jina ni zuri, lakini kila siku wamwambia, "Wewe ndiwe marehemu kaka yangu, uwe kama yeye." Hatusemi ukabadili cheti. Twasema, mweke huru. Mwambie leo jioni kwamba yeye ni yeye, aliyejuliwa na Mungu kabla hujamjua wewe. Na uchungu wako umpelekee Yeye awezaye kuubeba.

Tuombe. Ee Baba, wewe watujua kila mmoja kwa jina lake. Utusamehe tulipowatwika watoto wetu mizigo yetu. Wafariji wote waliokosa kuwazika wapendwa wao. Wabariki watoto waliozaliwa na makabila mawili na nchi mbili, wasijione wageni popote, maana wewe ndiwe nyumba yao. Katika jina la Yesu. Amina.