Akili mnemba: Vijana tusipewe magwangala tena!

Ifuatayo ni hotuba ya mwandishi wetu wa kujitegemea kwa vijana wa kata ya Kambarage, mjini Shinyanga.

Ninyi wa bodaboda, ninyi wa mitumba, ninyi mliotoka machimboni wiki hii, na wewe wa Kidato cha Nne ambaye cheti chako kimelala sandukuni kama changu, karibuni tusemezane.

Nimetakiwa niseme juu ya akili mnemba, ile mashine inayoandika, inayochora na kujibu maswali kama mtu. Wakubwa wanaisifu kwenye semina zenye chai na posho. Huku mtaani nasikia mawili: wapo wanaosema itatutajirisha, na wapo wanaosema itatumaliza. Mimi nauliza swali ambalo kwenye dhahabu tulichelewa kuliuliza: hii mali ni ya nani?

Maana mashine zilishatufikia zamani. Agosti 1996 wachimbaji wadogo, maelfu kwa maelfu, waliondolewa Bulyanhulu kuipisha kampuni ya Wakanada, Sutton. Yaliyotokea siku zile yamebishaniwa miaka mingi. Barrick wakaichukua 1999, na mgodi ukaanza kuzalisha 2001. Sheria ya Madini ya 1998 ilikuwa imewapangia wawekezaji mrabaha wa asilimia 3 tu kwenye dhahabu. Ukapanda kuwa 4 mwaka 2010, na 6 mwaka 2017, ndipo serikali nayo ikajiwekea kisheria hisa zisizopungua asilimia 16. Piga hesabu mwenyewe: kijana aliyefukuzwa duarani akiwa na miaka 20, sheria ya maana ilimkuta ana 41, na wanawe wanatafuta kazi.

Na majirani zetu wa Geita? Wao waligombea magwangala, yale mawe ya mabaki yanayotupwa na mgodi. Mwaka 2016 ilibidi Rais Magufuli aagize mgodi wa GGM uwaachie vijana magwangala. Jamani, Rais wa nchi anahangaikia mabaki!

Akili mnemba nayo ina magwangala yake, tena hayako mbali, yako Nairobi. Mashine hii haizaliwi na akili. Hufundishwa na watu, wanaosoma maandishi mamia kwa mamia na kuyawekea alama: hili baya, hili jema. Januari 2023 jarida la Time la Marekani lilifichua kwamba vijana wa Kenya walioifanyia OpenAI kazi hiyo, kupitia kampuni ya Sama, walikuwa wakipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Walisoma habari za watoto kunajisiwa, za mauaji na mateso, ili wewe ukiiuliza ChatGPT ikujibu kwa adabu. Mkataba wenyewe ulisema OpenAI iilipe Sama dola 12.50 kwa saa. Nyingine zilikwenda wapi? Sama walisema kuna gharama za uendeshaji. Lugha hiyo sisi wa machimboni tunaijua!

Lakini vijana wale hawakukaa kulia. Mei 1, 2023 zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura kuanzisha chama chao cha wafanyakazi.

Wengine mnaniambia, "Mimi sisomi kompyuta, naota kuendesha lori kubwa la mgodini." Sikiliza, ndugu. Huko Pilbara, Australia, kampuni ya Rio Tinto ilianza mwaka 2008 kutumia malori ya mgodi yasiyo na dereva. Wanaoyasimamia wamekaa Perth, kiasi cha kilomita 1,500 kutoka mgodini. Hiyo ni zaidi ya kutoka hapa mpaka Dar es Salaam! Siku yakija kwetu, mama ntilie wa getini atampikia nani?

Sisemi tuivunje mashine. Kuna programu ya simu iitwayo Nuru, ya Chuo Kikuu cha Penn State na wataalamu wa IITA. Mkulima anaelekeza simu kwenye jani la muhogo, inamwambia kama ni batobato au michirizi kahawia, hata pasipo intaneti. Bibi yako kijijini, ambaye bwana shamba humwona kwa nadra, anafaidika. Mashine ya namna hii naitaka hata kesho.

Ninachokikataa ni kubebwa gizani. Mwaka 2017 tulipiga kelele juu ya makontena 277 ya makinikia bandarini. Yale yalionekana na kuhesabika. Sauti yako, picha yako na Kiswahili chako unachoandika simuni havina kontena, wala hakuna geti la kuvikagua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika Mei 2023. Nani hapa ameisoma? Nyoosha mkono. Haya, nimeona.

Basi tuanze na lililo karibu. Ipo asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyotengwa kisheria kwa mikopo ya vijana. Mkiunda kikundi, mbona wazo la kwanza ni bodaboda tu? Ombeni kompyuta na pesa ya mwalimu. Na diwani akija kuomba kura, mwulizeni mbele ya watu: mgodi ukileta malori yasiyo na dereva, mkataba wa kuwafundisha vijana kazi mpya utasainiwa kabla malori hayajafika, au miaka 19 baadaye?