Mdudu Hajui Mpaka wa Shamba

(Hotuba ya mabwana shamba mbele ya wanachama wa Kibondo na Kasulu)



Katika sherehe hii ya miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wengi watasema juu ya bei na ghala. Sisi tumepewa nafasi tuseme juu ya adui wa kahawa, nasi twashukuru, kwa maana bei yote huanzia mtini.

Kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka, kilikuwa na sifa kubwa ya kahawa. Mwaka 1869 ugonjwa wa kutu ya majani ulionekana huko, na haikupita miaka mingi wakulima wakaiacha kahawa, wakapanda chai. Mwaka 1922 chulebuni iligunduliwa magharibi ya Kenya, na baadaye ikafika hata nchini kwetu. Magonjwa yasiyozuiliwa na mipaka ya nchi yatazuiliwaje na ua wa minyaa?

Chulebuni hupenda baridi na mvua za milimani. Hushika buni changa, ikatia doa jeusi lililobonyea, kisha buni ikakauka mtini na kuwa makao ya ugonjwa wa msimu ujao. Dawa ya shaba huikinga buni iliyo nzima, wala haiponyi iliyokwisha kuoza. Anayengoja madoa ndipo atafute bomba, amechelewa.

Antestia ni mdudu wa kunyonya, naye hupenda mti uliosongamana matawi. Katika jeraha analoliacha juu ya buni huingia kuvu, punje ikaharibika. Kwa jirani zetu wa Burundi na Rwanda, mdudu huyu amehusishwa na ladha ya kiazi kibichi katika kahawa, na punje moja tu yatosha kukiharibu kikombe kizima. Ndugu, kahawa yetu huchanganywa na kuuzwa kwa jina moja. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Bungua mweupe hutaga mayai katika magamba ya shina, karibu na ardhi. Funza wake hula chini ya gome, kisha hutoboa mti. Unga wa mbao shinani ndio dalili yake. Yafaa shina lisuguliwe kwa gunia au gunzi mpaka liwe laini, kabla ya mvua za kwanza, mdudu akose pa kutagia. Ruhuka naye hutoboa buni na kuishi katika zile zilizosahauliwa mtini na chini. Shamba lililochumwa likaisha humnyima chakula.

Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ambayo ina kituo Mwayaya, imetoa miche chotara inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Twaisifu miche hiyo, lakini tusidanganyike: kustahimili kuvu si kustahimili wadudu. Mti mpya nao wataka kupogolewa na kukaguliwa.

Kazi hizi nyingi hazitaki fedha. Zataka macho, mikono na wakati mmoja. Mwanachama akisafisha shamba lake leo na jirani yake akalala, mdudu hurudi kesho. Nasi twajua yako mashamba yaliyoachwa: mwenyewe amekwenda mbali, au ni mzee asiye na nguvu, au alikata tamaa bei iliposhuka. Kumlaumu hakuui mdudu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, twatoa shauri hili. Kila chama cha msingi kiweke juma moja baada ya mavuno la kuondoa buni zote zilizosalia na kupogoa, na juma jingine kabla ya mvua la kusugua mashina. Mashamba yaliyoachwa yaandikwe, yashughulikiwe kwa kazi ya pamoja kwa idhini ya wenyewe, na mzee au mjane asidaiwe ujira. Dawa inunuliwe kwa pamoja na mapema, na itumiwe na waliofundishwa, wenye mavazi ya kujikinga.

Tulijiunga ili tuuze pamoja. Miaka kumi imetuonyesha kwamba hatuwezi kuuza pamoja vizuri tusipolinda pamoja. Shauri hili twaliweka mbele ya mkutano, mlijadili na kuliamua.